Kusoma Takwimu za Afya Kabla ya Kufungua Milango ya Kazi

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi



Wakati wa chai nimewasikia baadhi yenu wakiulizana, mkaguzi wa hesabu amejia nini kuzungumza habari za maradhi. Swali hilo ni la haki. Maradhi yenyewe nitawaachia waganga, maana ndiyo kazi yao. Mimi nitazungumza juu ya hesabu: namna hesabu za maradhi zinavyokusanywa, zinavyowekwa mbele ya macho ya viongozi, na zinavyotumiwa kuamua kama kiwanda, ghala au ofisi iliyofungwa kwa sababu ya janga ifunguliwe tena, au isubiri. Uamuzi huo ukikosewa kwa upande mmoja, watu wanazikwa. Ukikosewa kwa upande wa pili, pamba inalala nje hadi mvua inaikuta, na mkulima aliyelima mwaka mzima anarudi nyumbani mikono mitupu. Na mwenye kutia sahihi barua ya kufunga au kufungua, katika vyama vyetu, ni katibu pamoja na mwenyekiti wake.

Msidhani jambo hili limepita pamoja na korona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023. Siku hiyo mkoani Kagera, penye vyama vikongwe vya kahawa, bado tulikuwa tunahesabu siku za mlipuko wa Marburg. Mlipuko huo ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023. Watu 9 waliugua na 6 kati yao wakafariki. Haukutangazwa kwisha ila tarehe 2 Juni, baada ya kupita siku 42 bila mgonjwa mpya. Januari 2025 maradhi hayo yakarudi Kagera. Naomba mwiweke akilini hesabu hiyo ya siku 42, kwa maana nitairudia.

Neno linalotumika siku hizi ni dashibodi, nalo mnalijua kutoka kwenye gari. Mbele ya dereva pana mshale wa mafuta, mshale wa joto la maji na mshale wa mwendo. Dereva haoni tangi wala haoni injini. Anaona mishale tu, na kwa mishale hiyo anaamua kuendelea au kuegesha. Dashibodi ya afya ni hivyo hivyo. Ni ubao, aghalabu katika kompyuta au simu, unaokusanya mahali pamoja idadi ya waliougua, waliopimwa, waliolazwa na waliofariki, kwa siku na kwa mahali, ili kiongozi aone hali kwa kutupa jicho mara moja.

Ubao uliojulikana kuliko yote wakati wa korona ulitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, na mwalimu mmoja wa uhandisi, Lauren Gardner, pamoja na mwanafunzi wake Ensheng Dong. Ulifunguliwa tarehe 22 Januari 2020, na mwanzoni tarakimu zilikuwa zikiingizwa kwa mkono. Ramani ile yenye duara nyekundu ilitazamwa na serikali, magazeti na watu wa kawaida wa dunia nzima hadi ilipositishwa tarehe 10 Machi 2023. Nawatajia hili ili msivunjike moyo mkidhani kwamba kazi ya namna hii lazima ianze na mitambo mikubwa. Ilianza na watu wachache waliokubali kuandika kila siku.

Lakini ubao haufungui mlango. Mshale wa joto ukipanda, dereva lazima awe amekwisha kujua ni alama gani anapopaswa kusimama. Asipoijua atasema, twende kidogo tu, mji hauko mbali.

Tarehe 16 Aprili 2020 serikali ya Marekani ilitoa mwongozo wa kufungua nchi kwa hatua tatu. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyaeleza: watu wenye dalili wawe wanapungua kwa muda wa siku 14; wanaothibitika kuugua, au asilimia yao kati ya waliopimwa, iwe inapungua kwa siku 14; na hospitali ziwe na uwezo wa kuwahudumia wagonjwa wote bila kuzidiwa. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Mei, Shirika la Afya Duniani nalo likatoa vigezo vyake. Kimojawapo ni kwamba kati ya watu 100 wanaopimwa, wanaokutwa na virusi wasifikie 5, na hali hiyo idumu angalau majuma mawili.

Masharti mazuri. Shida ni kwamba mwongozo wa Marekani haukuwa na mwenye kuufunga mlango. Kila jimbo lilijiamulia. Jimbo la Georgia lilifungua saluni na kumbi za mazoezi tarehe 24 Aprili, yaani siku 8 baada ya mwongozo huo wa siku 14 kutolewa. Mwezi Mei idara ya afya ya jimbo hilohilo ikaonyesha katika ubao wake mchoro wa nguzo, nguzo ndefu zikiwa kushoto na fupi kulia, hata mtazamaji akafurahi kuona maradhi yanashuka. Walioangalia kwa makini wakakuta kwamba tarehe zilizoandikwa chini ya nguzo hazikufuatana kama kalenda. Nguzo zilikuwa zimepangwa kwa urefu, na siku za Mei zikatangulia siku za Aprili. Mchoro uliondolewa na radhi ikaombwa. Mimi nimekagua madaftari kwa miaka mingi, na nawaambia kwamba jambo la kwanza mkaguzi analoangalia ni tarehe, kabla ya kuangalia shilingi.

Mfano ninaoupendelea ni wa California, si kwa kuwa walifaulu katika kila kitu, bali kwa kuwa waliandika alama zao waziwazi hata mwenye duka la viatu aliweza kuzisoma. Tarehe 28 Agosti 2020 jimbo hilo lenye kaunti 58 lilizigawa kaunti zake katika rangi nne. Kaunti yenye wagonjwa wapya zaidi ya 7 kwa siku katika kila watu 100,000, au ambayo zaidi ya asilimia 8 ya waliopimwa walikutwa na virusi, ilipewa rangi ya zambarau. Kati ya 4 na 7, rangi nyekundu. Kati ya 1 na 3.9, rangi ya machungwa. Chini ya 1, na asilimia ya waliokutwa na virusi ikiwa chini ya 2, rangi ya manjano. Kila rangi ilikuwa na orodha ya kazi zinazoruhusiwa. Ofisi ambazo kazi yake si ya lazima, kwa mfano, ziliendelea kufanya kazi kutoka majumbani katika zambarau na nyekundu, zikaruhusiwa kufungua kwa masharti kaunti ilipofika rangi ya machungwa.

Tazameni kwa nini walihesabu kwa kila watu 100,000. Kaunti yenye watu 400,000 ikipata wagonjwa 28 kwa siku, na kaunti yenye watu 50,000 ikipata 14, nani ana hali mbaya? Mwenye kutazama idadi tupu atasema ya kwanza. Lakini 28 katika 400,000 ni 7 kwa kila 100,000, na 14 katika 50,000 ni 28. Ni kosa lile lile la kulinganisha magunia ya chama chenye wanachama 900 na ya chama chenye wanachama 120, kisha kuwapa zawadi wale wa kwanza.

Kanuni yao ya mwendo nayo ilikuwa na busara. Kaunti haikuweza kuruka rangi. Ilishuka ngazi moja moja. Ilikaa katika rangi yake si chini ya majuma matatu, na ilitakiwa kutimiza alama za rangi inayofuata kwa majuma mawili mfululizo. Mwanzoni kurudi nyuma nako kulihitaji majuma mawili ya hali mbaya. Lakini maradhi yalipopanda kwa kasi mwezi Novemba walitambua kwamba kungoja majuma mawili ni kungoja mno. Tarehe 16 Novemba 2020 walivuta breki: kaunti 28 zilirudishwa kwa siku moja katika zambarau, zikawa 41 kati ya 58. Hapa pana jambo la kuandika, ndugu zangu. Kufungua kunataka majuma mengi ya ushahidi. Kufunga kunatosha juma moja.

Sasa niingie katika tarakimu zenyewe, kwa kuwa ndipo penye mtego.

Kwanza, kila tarakimu katika ubao ni habari ya siku zilizopita. Mtu akiambukizwa korona Jumatatu, dalili hutokea baada ya siku kadhaa, mathalani tano. Kisha ajikaze siku mbili kabla ya kwenda kupimwa, majibu yachukue siku moja au mbili, na karani ayaingize. Kwa hiyo idadi ya wagonjwa wapya inayosomwa leo inaeleza yaliyotendeka karibu siku 10 nyuma. Waliolazwa hospitali wanafuata baadaye, na vifo vinafuata baadaye zaidi, pengine majuma matatu au zaidi. Anayengoja kuona vifo ili afunge kiwanda anasoma mizania ya mwaka juzi. Na aliyefungua jana hawezi kusema leo, mbona hakuna kitu? Bado hakijaandikwa.

Pili, idadi ya wagonjwa haina maana bila idadi ya waliopimwa. Makarani wa kahawa wanalielewa hili kuliko wengine. Ukipima unyevu katika magunia 10 ukakuta 4 yana unyevu, na mwenzako akapima magunia 200 akakuta 8, utasema ghala lake ni baya mara mbili ya lako? Lake ni asilimia 4, lako ni asilimia 40, na wewe bado hujui yaliyomo katika magunia ambayo hukuyapima. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani likataka ile asilimia 5. Ikiwa juu, maana yake si kwamba wagonjwa ni wengi tu, bali kwamba wengi zaidi hawajaonekana. Wakuu wa afya wa Kenya, walipokuwa wakitangaza hesabu za kila siku, walitaja idadi ya sampuli zilizopimwa pamoja na idadi ya waliokutwa na virusi. Huo ndio utaratibu.

Tatu, ubao unaweza kusema uongo bila ya mtu yeyote kukusudia. Nina mifano miwili, na kila mkaguzi anapaswa kuijua.

Mwishoni mwa Julai 2020 mtambo wa California wa kupokea majibu ya maabara ulipata hitilafu, na juu yake hati ya kompyuta iliyoruhusu maabara mojawapo kubwa kuleta majibu yake ikaachwa hadi muda wake ukaisha. Kumbukumbu zipatazo 250,000 hadi 300,000 zikakwama njiani. Ubao ukaonyesha wagonjwa wanapungua, na gavana akautangazia umma habari hiyo njema mwanzoni mwa Agosti. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba waliopungua si wagonjwa. Zilizopungua ni karatasi.

Mfano wa pili ni wa Uingereza. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 waliachwa nje ya hesabu za kila siku. Sababu yake inachekesha na kusikitisha: majibu ya maabara yaliwekwa katika jedwali la kompyuta la namna ya zamani, lisiloweza kubeba mistari zaidi ya 65,536. Ukurasa ulipojaa, mistari iliyobaki ikakatika kimya kimya. Tarehe 4 Oktoba, walipoyaingiza yaliyoachwa, ubao ukaruka hadi wagonjwa 22,961 kwa siku moja. Wagonjwa wenyewe walikuwa wameshapewa majibu yao, lakini wale waliokaa nao, waliosafiri nao na waliofanya kazi nao hawakutafutwa kwa wakati, wakaendelea kwenda kazini wakiwa hawajui.

Karani wa mizani wa kijijini angelizuia kosa hilo kwa kalamu ya risasi. Kila jioni hujumlisha kilo za stakabadhi, hujumlisha kilo za daftari la ghala, kisha hutazama kama jumla mbili zinakubaliana. Maabara imetuma majibu mangapi? Ubao umepokea mangapi? Zisipokubaliana, hakuna mtu kulala. Sisemi hivi kwa kuwabeza wataalamu wa Uingereza. Nasema kwa sababu vijana wetu wengine wanaona haya kujumlisha kwa mkono kile ambacho kompyuta imekwisha kujumlisha.

Nne, na hili ndilo lililonifanya nikubali mada hii. Ubao wa wilaya si ubao wa lango lako.

Ujerumani ilijiwekea alama tarehe 6 Mei 2020: wilaya ikipata zaidi ya wagonjwa wapya 50 katika kila watu 100,000 kwa siku 7, lazima ichukue hatua. Wilaya ya Gütersloh, yenye watu wapatao 360,000, ilikuwa imetulia. Mwezi Juni, katika kiwanda kikubwa cha nyama kilichopo mji wa Rheda-Wiedenbrück, walikutwa wafanyakazi zaidi ya 1,500 wenye virusi. Ubao wa wilaya ukaruka mara kadhaa kupita ile alama, na tarehe 23 Juni serikali ya jimbo ikatangaza kuifunga wilaya nzima: wauza vinywaji, wachezaji, wapita njia, watu ambao hawajawahi hata kuliona lango la kiwanda. Tarehe 6 Julai mahakama kuu ya utawala ya Münster ikaitengua amri iliyoongezwa muda, ikisema kwamba kwa wakati huo ilikwisha kuwezekana kutenganisha sehemu zenye maradhi na sehemu zisizo nayo, na haikuwa haki kuwatendea wote sawasawa.

Ndani ya kiwanda je? Watafiti waliouchunguza mlipuko wa awali wa mwezi Mei katika kiwanda hicho walionyesha kwamba virusi vilitoka kwa mfanyakazi mmoja vikawafikia wenzake hata zaidi ya mita 8, kwa kuwa hewa ya baridi katika ukumbi wa kukatia nyama ilikuwa ikizungushwa ile ile bila ya hewa mpya ya kutosha. Tena wafanyakazi wengi walikuwa wageni walioajiriwa kupitia mawakala, wakilala wengi katika nyumba moja na kusafiri pamoja katika gari moja. Hakuna mshale wowote katika ubao wa wilaya uliokuwa ukipima hewa ya ukumbi ule, wala vitanda vya nyumba zile. Baadaye Ujerumani ilitunga sheria, na tangu tarehe 1 Januari 2021 viwanda vikubwa vya nyama havikuruhusiwa tena kuchinja na kukata kwa kutumia wafanyakazi wa mawakala.

California nao waliliona jambo hili kwa sura nyingine. Wastani wa kaunti uliweza kuwa mzuri huku mitaa ya maskini inaungua. Basi tarehe 6 Oktoba 2020 wakaongeza kipimo kingine: kaunti kubwa haipandishwi daraja mpaka mitaa yake iliyo nyuma kabisa kimaisha isiachwe mbali na wastani wa kaunti. Ningependa kila mwenyekiti wa bodi akitafakari kipimo hicho. Tunaposoma kwamba chama kimelipa wastani fulani kwa kilo, nani anauliza juu ya yule aliyelipwa mwisho?

Ndugu Makatibu, sasa turudi nyumbani. Wengine wenu mtasema, Mkaguzi, hayo ni ya wenye ubao, sisi je? Ni kweli. Mwishoni mwa Aprili 2020 hesabu za kila siku za taifa letu ziliacha kutangazwa, na kwa zaidi ya mwaka mzima vitabu vya dunia vilibaki vimeandika wagonjwa 509 na vifo 21. Zilianza kutolewa tena katikati ya mwaka 2021. Sikuja hapa kuzungumzia sababu zake. Nasema tu kwamba katika muda ule vinu vya kuchambulia pamba vilifanya kazi, kahawa ilikobolewa, maziwa yalipokewa kila alfajiri, na katibu aliyetaka kujua hali ya mahali pake hakuwa na pa kutazama isipokuwa daftari lake mwenyewe, kama alikuwa nalo.

Daftari hilo ndilo ninalolitaka. Si kitu kigeni. Ni daftari la mahudhurio lililoongezwa safu chache. Tarehe. Waliotarajiwa kazini. Waliofika. Waliokosa. Kati ya waliokosa, wangapi ni kwa ugonjwa, na ugonjwa wa dalili gani: homa na kikohozi, au kuharisha na kutapika, au kutoka damu. Sehemu ya kazi: mizani, ghala, mashine, ofisi. Na safu moja ambayo wengi wataisahau: wanakolala na gari wanalokuja nalo, kwa wale wanaoletwa kutoka mbali. Jioni, waliofika na waliokosa wajumlishwe, na jumla yao ilingane na waliotarajiwa. Isipolingana kuna mtu hamjui aliko.

Majina ya wagonjwa yabaki katika daftari, nalo likae kabatini kwa katibu na kuonyeshwa mganga tu. Ukutani pabandikwe idadi peke yake. Mkibandika majina, kesho hakuna atakayejitaja.

Miezi ya kawaida, isiyo na janga, ndiyo itakayowapa kipimo. Kama katika kiwanda cha watu 60 kwa kawaida hukosa 2 kwa siku kwa ugonjwa, mkaona kwa siku tatu wanakosa 5, kisha 7, kisha 9, na 8 kati ya hao 9 wanatoka katika sehemu ya mashine, mmepata habari ambayo hospitali ya wilaya itaipata juma lijalo. Bila daftari la miezi ya kawaida, 9 ni tarakimu tu. Hamwezi kujua kama ni nyingi.

Nakuja penye mzozo, na ninajua hapa sitapigiwa makofi na wajumbe wote wa bodi. Daftari hilo litasema kweli ikiwa tu mgonjwa hapati hasara kwa kusema kweli. Vibarua wetu wa msimu wanalipwa kwa siku. Anayesema asubuhi kwamba ana homa anarudishwa nyumbani bila ujira, na watoto wanalala na njaa. Atasema nini kesho? Atameza vidonge viwili, afunge kitambaa shingoni, aingie. Daftari litaandika waliougua: hakuna. Mwenyekiti ataliona, atafurahi, atafungua milango yote. Nimewahi kukagua ghala ambalo daftari lake halikuonyesha upungufu hata wa kilo moja kwa misimu mitatu. Panya wa mahali hapo nadhani walikuwa wamefunga saumu. Mkaguzi akiona sifuri zimepangana namna hiyo, ndipo anapovua koti na kuanza kazi.

Kwa hiyo naona chama chenye kiwanda au ghala lenye vibarua kiweke katika makisio yake kifungu cha kumlipa kibarua anayerudishwa nyumbani kwa ugonjwa wakati wa mlipuko, kwa siku ambazo mganga atazitaja. Nimeambiwa mara nyingi kwamba fungu hilo halipo. Fungu la kukirimu wageni siku ya mkutano mkuu lipo, nimelikagua. Ujira wa vibarua watano kwa siku kumi na nne utalinganishwa na nini? Na kinu kilichozimwa katikati ya msimu kwa sababu hakuna wa kukiendesha. Pigeni hesabu hiyo wenyewe kwa ujira wenu na kwa tani zenu, kisha mwilete mbele ya wanachama wauone upande wa pili wa daftari.

Jambo la mwisho ni zile siku 42 za Marburg. Zinatoka wapi? Virusi hivyo vinaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili kutokea. Wataalamu wakazidisha mara mbili, wakaandika 42, na wakaandika mapema, kabla mlipuko wa Kagera haujatokea. Kwa hiyo hapakuwa na mfanyabiashara wala kiongozi wa kuja siku ya 30 kusema, sasa imetosha, watu wana shida. Nasi bodi zetu ziandike alama zao sasa, wakati hakuna mgonjwa na hakuna pamba uwanjani: wakikosa wangapi kwa siku ngapi sehemu hiyo isimame, nani anampigia simu mganga wa zahanati na ndani ya saa ngapi, siku ngapi zipite bila mgonjwa mpya kabla ya kufungua, na sehemu ipi ifunguliwe kwanza. Ushauri wangu ni mizani ya nje kwanza, penye hewa, kisha ghala milango ikiwa wazi, na ukumbi wa mashine mwisho. Hesabu ya siku mwulizeni mganga, kwa kuwa kila ugonjwa una siku zake. Kipindupindu si korona, na korona si Marburg. Alama hizo ziingizwe katika muhtasari wa kikao, na zisibadilishwe ila kwa kikao kingine chenye akidi. Katibu akishinikizwa asubuhi na watu wenye magari ya mizigo langoni, awe na karatasi ya kuwaonyesha.

Tena, palipo na ubao wa wizara au wa mkoa, usomwe pamoja na daftari, na kila mmoja umsahihishe mwenziwe. Ubao ukisema wilaya ni shwari na daftari linasema watu wa mashine wanaanguka, funga sehemu ya mashine. Daftari likiwa shwari na ubao unasema kata jirani inaungua, uliza vibarua wako wanalala kata gani.

Fomu ya mfano ya daftari hilo nimeiacha kwa karani wa Chama Kikuu. Kila katibu achukue nakala mbili, moja ya ofisi na moja ya kiwanda au ghala. Kuanzia ukaguzi wa robo ijayo nitaomba kuonyeshwa vitu vitatu: daftari lenyewe, muhtasari wa kikao kilichoandika alama, na kifungu cha makisio. Chama ambacho bodi yake imekikataa kifungu hicho kiniandikie sababu zake, nitazisoma kwa heshima na nitaziambatisha katika taarifa yangu kwa wanachama.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona mikono miwili huko nyuma imekwisha kuinuka tangu nilipotaja fungu la kukirimu wageni. Niko tayari kwa maswali.